Maziwa Hayangoji

Wazee wetu walisema: haraka haraka haina baraka. Wazee hao hao walisema: ngoja ngoja huumiza matumbo. Je, tufuate methali ipi? Mimi naona katika biashara ya maziwa tufuate zote mbili, kila moja mahali pake.

Maziwa yakitoka kwenye kiwele yana joto la mwili wa ng'ombe. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hupenda joto hilo. Maziwa yana kinga yake ya asili, lakini kinga hiyo hudumu saa chache tu. Baadaye vijidudu huzaana upesi. Kila nusu saa huweza kuongezeka mara mbili. Kimoja huwa 2, kisha 4, kisha 8. Baada ya saa 3 hufika 64. Ndivyo maziwa yanavyochacha.

Kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, mpokeaji huchanganya maziwa kidogo na spiriti. Yakifanya mabonge, huyakataa. Hapo jasho lako limepotea: majani uliyokata, maji uliyochota, usingizi uliokatisha. Fedha za daftari la mtoto na chumvi ya nyumbani zimepotea pia.

Sasa fikiri juu ya wakulima wawili. Ng'ombe wao ni sawa, na bei ni ile ile. Wote hukamua saa 12 asubuhi. Wa kwanza hufika kituoni saa 1 na nusu. Wa pili hutafuta chombo, hukiosha, kisha humngoja mwenye baiskeli. Hufika saa 4. Nani atauza? Na mwenye hoteli atamtafuta nani kesho?

Lakini wepesi si kukimbia. Mtu asiyenawa mikono wala kuosha kiwele ameokoa dakika 5, na huenda akapoteza maziwa yote. Hiyo ndiyo haraka isiyo na baraka. Wepesi wa kweli huanza jana yake. Osha chombo kwa maji ya moto na sabuni, kikauke. Tumia chombo cha alumini chenye mdomo mpana, mkono uingie. Patana mapema na mwenye baiskeli.

Wengine watasema, "Kijiji chetu kiko mbali." Ni kweli. Basi wakulima 5 waweke zamu, mmoja apeleke maziwa ya wote. Ila kila mtu awe na chombo chake, maana maziwa yaliyochacha huharibu yale mazuri.

Tusimlaumu mkulima peke yake. Akifika mapema na kukuta kituo kimefungwa, wepesi wake ni bure. Mpokeaji naye awahi. Jambo hili lisemwe wazi mkutanoni.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Kila siku andika saa ya kukamua, saa ya kufika, saa kituo kilipofunguliwa, lita zilizopokelewa na lita zilizokataliwa. Baada ya wiki 2 utaona muda wako unapotelea wapi. Nenda na daftari hilo mkutanoni. Maneno matupu hukanushwa kwa urahisi, lakini saa zilizoandikwa kila siku ni vigumu kuzikana.

Jadilianeni darasani:
1. Kwa nini maziwa huchacha upesi?
2. Katika kijiji chetu, nani humchelewesha nani?
3. Tutaanza kurekebisha jambo gani wiki hii?