Heda fungeni, lakini masega yaacheni

Kila mwaka theluji inapoanza kuyeyuka jijini Stockholm, vijana wetu wa Rinkeby, Tensta, Husby na vitongoji vingine hutoka na spana. Magari yaliyolala majira yote ya baridi hufunguliwa boneti, na kazi moja hupendwa kuliko nyingine: kung'oa manifoldi ya ekzosi iliyotoka na gari kiwandani na kufunga heda, yaani yale mabomba marefu yaliyopindwa, moja kwa kila silinda, yanayoagizwa kwa intaneti na kuletwa mpaka mlangoni.

Sisi hatuko pamoja na wanaosema kazi hiyo ipigwe marufuku. Hapa Stockholm saa moja ya fundi wa gereji hupita krona 1,000 kwa urahisi, na mtu anayesafisha maofisi usiku hana fedha hizo za kuchezea. Sisi tulioletwa Uswidi na kalamu tunajua pia kwamba kalamu haifungui nati iliyoshika kutu. Waswidi wenyewe wanamheshimu anayejitengenezea chombo chake. Ndiyo maana kuna kumbi za kukodi ambamo mtu hulipia kwa saa, akapandisha gari lake kwenye lifti na kufanya kazi kwa mikono yake. Na ndiyo maana magari makubwa ya Kimarekani ya miaka ya 1950 na 1960 bado yanapita kwa mbwembwe barabara ya Sveavägen wakati wa kiangazi.

Tunalolipinga ni lile linalofuata baada ya heda kukaa: masega kukatwa na kutupwa, au kuuzwa.

Tueleze kidogo kwa wasiokuwa mafundi. Manifoldi ya kawaida ni chuma kizito na kifupi kinachokusanya moshi wa silinda zote na kuubana pamoja. Heda huupa moshi wa kila silinda njia yake, kisha njia hizo hukutana mbele kwa mpangilio, ili moshi unaotoka uuvute ule unaofuata. Injini hupumua vizuri zaidi, hasa ikizungushwa kwa kasi. Lakini kwa gari la kawaida la kwenda kazini, lisilobadilishwa kitu kingine, faida yenyewe ni farasi wachache tu. Kinachoongezeka kwa hakika ni mlio, na majirani wa ghorofa ya tatu ni mashahidi.

Masega ni ule mtungi uliopo kwenye bomba, wenye vitundu vingi kama sega la nyuki, uliopakwa madini ya thamani kama platina na paladi. Kazi yake ni kugeuza gesi zenye sumu kabla hazijatoka nje. Katika magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia miaka ya 2000, masega ya kwanza yameunganishwa na manifoldi yenyewe. Kwa hiyo anayenunua heda tupu anaondoa masega hata kama hakukusudia. Hilo wauzaji wa mtandaoni huliandika kwa herufi ndogo, pengine wasiliandike kabisa.

Sasa tabia hii ya kuondoa masega tumeitoa wapi? Tumeitoa nyumbani, na nyumbani ilikuwa na sababu. Kwa miaka mingi petroli ya Afrika Mashariki ilitiwa risasi, na risasi huua masega. Gari lililotoka Japani likiwa zima lilinyweshwa petroli hiyo, masega yakafa, mengine yakaziba, injini ikakosa nguvu. Fundi wa gereji bubu, awe Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, akayatoboa na gari likavuta. Alifanya lililowezekana kwa mafuta aliyopewa. Lakini petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, iliiacha Julai 2021. Sababu imeondoka, nyundo imebaki. Mtoto aliyezaliwa Stockholm, ambaye hajawahi kuinusa petroli hiyo, anaambiwa na mjomba wake kwamba "masega yanabana gari", naye anaamini.

Nchini Uswidi imani hiyo ina gharama. Magari ya petroli ya modeli ya 1989 na kuendelea yalilazimishwa kuwa na masega. Gari jipya hukaguliwa kabla ya kutimiza miaka mitatu, kisha baada ya miaka miwili, halafu karibu kila mwaka. Kwenye ukaguzi moshi hupimwa, na kompyuta ya gari husomwa. Likishindwa, mwenye gari kwa kawaida hupewa mwezi mmoja kulirekebisha na kulirudisha, la sivyo linakatazwa kutembea barabarani. Hapo ndipo tunapowaona vijana wakitafuta manifoldi ya zamani waliyoitupa jalalani. Mji nao unakaza kamba: tangu tarehe 15 Januari 2020 barabara ya Hornsgatan imefungwa kwa magari madogo ya zamani yenye moshi mchafu. Wako wanaoona ni uonevu kwa maskini wenye magari makuukuu, na hoja yao ina uzito. Lakini watoto wanaovuta moshi kando ya barabara hawamiliki gari lolote.

Hata hivyo ukaguzi si jambo linalotunyima usingizi. Linalotutisha ni gereji iliyofungwa mlango.

Kila mtu wa kwetu anajua habari ya jiko la mkaa. Tangu utotoni tunaonywa: usilale nalo chumbani, familia nzima hukutwa asubuhi imelala usingizi usio na kuamka. Gesi inayoua pale ni kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na ndiyo hiyo hiyo inayotoka kwenye injini. Ajabu ni kwamba mtu anayemkemea mkewe kwa kuacha mkaa unawaka jikoni huwasha gari ndani ya banda huku nje ni nyuzi kumi chini ya sifuri, akafunga mlango ili vidole visigande.

Na kazi ya heda ndiyo hasa inayomweka mtu kwenye hatari hiyo. Akishamaliza kufunga, huwasha injini na kuinama juu yake kusikiliza kama gasketi inavuja. Mafuta yaliyobaki kwenye mabomba mapya huanza kuungua na kufuka, naye hudhani moshi ule ndio wote wa kuogopa. Wakati huo injini ni baridi na inatoa gesi hiyo kwa wingi. Hata masega mazima hayamsaidii, kwa sababu hayafanyi kazi mpaka yapate joto la mamia ya nyuzi. Basi gari lisukumwe nje kabla ya kuwashwa, hata kama kuna barafu, na mtu wa pili awepo.

Mengine mafundi wanayajua: injini ipoe kabisa, waya hasi wa betri utolewe, gari likae juu ya stendi na si juu ya jeki peke yake. Chumvi inayomwagwa barabarani huku huozesha bolti, kwa hiyo mafuta ya kulegeza kutu yatiwe usiku wa kuamkia kazi. Gasketi iwe mpya, nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni kwa spana ya kipimo, na zirudiwe baada ya siku chache za kutembea. Uvujaji ukiwa kabla ya sensa ya oksijeni, hewa huingia, kompyuta hudhani mafuta ni haba na kuongeza, na mwenye gari huanza kulalamika kwamba heda inakula petroli.

Anayetaka heda anunue ile yenye nafasi ya masega, na masega yaliyoidhinishwa kwa gari lake, kisha aulize kituo cha ukaguzi kabla ya kulipa.

Vyama vyetu vya hapa Stockholm hupata fedha za kukodi kumbi kwa harusi na sherehe za uhuru. ABF, jumuiya ya elimu ya wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1912, husaidia vikundi vya kujisomea, na hatuoni kwa nini kikundi cha ufundi wa magari kwa Kiswahili kisiombe. Saa nne za lifti, Jumamosi moja kila mwezi, na fundi mmoja mzee wa kuwasimamia hao vijana. Tungependa kusikia ni chama gani kitaanza kabla ya baridi kurudi.