Amana ya Kibanda
Katika maonyesho ya sanaa ya Marekani, mfano wa yale ya Ann Arbor yaliyoasisiwa mwaka 1960, fundi hutanguliza ada ya waamuzi, isiyorudi hata akikataliwa, nami naiona halali, kwani picha za kazi zake zimekwisha kutazamwa. Lakini kodi ya kibanda cha futi 10 kwa 10, ilipwayo miezi kadhaa kabla mfinyanzi hajauza hata bakuli moja, ni amana. Na maonyesho mengi yalipofutwa mwaka 2020 kwa maradhi ya korona, wapo waandalizi walioizuia kwa hoja kwamba imekwisha kutumika, na hiyo, kwa insafu, ni dhuluma. Sharti la marejesho na liandikwe bayana kabla fedha haijapokewa: kiasi gani, kwa dharura ipi, na kwa muda gani.