Nahodha Asiye na Mahali Katika Orodha ya Marejeo

Mwezi uliopita jarida moja la kitaaluma, ambalo sitalitaja, lilimrudishia mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili mswada wa makala yake bila kuusoma. Barua ya mhariri ilikuwa na mistari minne. Ilieleza kuwa marejeo hayakufuata mtindo wa APA, toleo la saba, na kwamba mahojiano hayaruhusiwi kuingizwa katika orodha. Kuhusu hoja yenyewe ya makala, hapakuwa na neno hata moja.

Makala ile ilihusu istilahi za wavuvi: namna wanavyotofautisha bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, pamoja na majina ya mikondo ambayo mimi sijayaona katika kamusi yoyote. Mtoaji wake mkuu wa taarifa alikuwa nahodha mzee ambaye aliketi naye miezi kadhaa, kinasa sauti kikiwa mkekani kati yao. Alipokuja ofisini na ile barua aliniuliza: "Mwalimu, nikimwondoa babu katika marejeo, nitasema haya nimeyatoa wapi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nalijaribu leo hadharani, kwa kuwa naamini wapo wengi waliokwama mahali hapo hapo.

Kwanza niutetee utaratibu, maana siungi mkono wale wanaodai kuwa kunukuu vyanzo ni mzigo tuliotwishwa na wageni. Anayeandika kwamba jambo fulani limesemwa na mtu fulani ana wajibu wa kumwonyesha msomaji njia ya kulifikia: nani, lini, katika chapisho gani, ukurasa upi. Mtumishi wa umma analielewa hili kuliko sisi wahadhiri. Barua isiyo na Kumb. Na. haipatikani masijala, na isiyopatikana masijala ni kana kwamba haikupata kuandikwa. (Ingependeza ofisi hizo hizo zikumbuke pia kutia tarehe na namba za kurasa katika ripoti zao. Nimesoma ripoti nzito ambazo haziwezi kunukuliwa kwa sababu hiyo tu.)

Lakini kanuni hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Mtindo wa mwandishi na mwaka, ambao wengi wetu tunauita Harvard, unahusishwa na mwanazoolojia Edward Laurens Mark, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala iliyohusu konokono asiye na kombe. Mwongozo wa Chicago ulitoka mwaka 1906. Huo wa APA ulianza mwaka 1929 kama maelekezo ya kurasa chache ndani ya jarida la saikolojia, na ule wa Vancouver ulitokana na kikao cha wahariri wa majarida ya tiba mwaka 1978. Kila kundi lilikuwa likitatua tatizo lake, kwa majina ya watu wake na vitabu vya maktaba zake. Sisi tumelichukua jibu pasipo kujiuliza kama swali letu ni lile lile.

Chukua suala la majina. Kanuni inataka jina la ukoo litangulie na mengine yafupishwe kwa herufi. Kwa mujibu wa kanuni hiyo Mwana Kupona binti Msham, mshairi wa Pate wa karne ya 19, anageuka kuwa "Msham, M. K.", na utendi ambao mama alimtungia binti yake unaorodheshwa kwa jina la baba wa mtunzi. Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed, wanariwaya wawili wa Zanzibar wenye kalamu tofauti kabisa, wanakaa pamoja chini ya "Mohamed" kana kwamba ni watu wa nyumba moja, ilhali katika mfumo wetu jina la mwisho kwa kawaida ni la baba au babu. Waaisilandi nao hutumia majina ya baba, na kwao watu hupangwa kwa jina la kwanza, kama ilivyokuwa hata katika kitabu cha simu kilipokuwa kikichapishwa. Hakuna aliyewaambia kuwa hawana usomi.

Au chukua mahali pa uchapishaji, ambapo toleo la saba la APA, lililotoka mwaka 2019, limepaondoa. Kwa kitabu cha shirika kubwa la London upungufu huo hauna madhara. Kwa kijitabu kilichochapwa Unguja au Mombasa na mchapaji aliyekwisha kufunga mlango, jina la mji ndilo pengine uzi pekee wa kukitafutia.

Linaloniuma zaidi ni la nahodha. APA huyahesabu mazungumzo yasiyohifadhiwa kuwa mawasiliano binafsi: hutajwa ndani ya matini na kuachwa nje ya orodha, kwa hoja kwamba msomaji hawezi kuyafikia. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tazama matokeo yake kwetu. Maneno ya nahodha yakitoka kinywani mwake hayana nafasi katika orodha. Akija mtafiti kutoka mbali, akayaandika na kuyachapa, yanapata nafasi, kwa jina la mtafiti.

Dawa ipo. Kanda zikabidhiwe kwenye maktaba ya chuo au hifadhi ya nyaraka, zipewe namba, na msomaji ataweza kuzifikia. Huko Kanada mkutubi Lorisia MacLeod alichapisha mwaka 2021 kiolezo cha kuwanukuu wazee wa jamii za asili kwa jina, jamii yao, mahali na mada. Sioni kwa nini majarida yetu yashindwe kuunda chake, mradi mzee mwenyewe aridhie kutajwa.

Na wahariri wetu, kabla ya kuhesabu mikato na italiki, wafungue vitabu vinavyotajwa. Juni 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York alitoza faini ya dola 5,000 katika shauri ambalo mawakili waliwasilisha hukumu za kesi zisizokuwapo, zilizotungwa na ChatGPT. Kwa sura zilifanana na rejea halisi. Mimi mwenyewe nimetahini tasnifu ambayo orodha yake haikuwa na kosa la uakifishaji hata moja, na vitabu vitatu kati ya vilivyoorodheshwa havikupata kuandikwa na yeyote. Mtindo unaweza kusahihishwa kwa alasiri moja, tena programu kama Zotero inafanya kazi hiyo bure. Mswada wa kwanza upokelewe kwa mtindo wowote ulio thabiti, na nguvu za mhariri ziende kwenye kuhakiki.

Mwanafunzi wangu hakumwondoa babu. Alirudi pwani kumwomba idhini, na mzee alikubali kwa sharti moja: jina lake liandikwe lote matatu, lisikatwe, na jina la chombo chake lifuate. Tumeliandika hivyo, chini ya kichwa "Marejeo ya Mdomo", pamoja na namba ya kanda iliyopo maktabani. Mswada umekwenda kwa jarida jingine. Hatujapata jibu.