Uenyeji wa Jina Haujulikani kwa Sikio

Katika nchi ya Uingereza wako watu wazima wengi ambao hutumia saa zao za mapumziko kuunda reli za mfano: njia ya treni, stesheni, madaraja na vijiji vizima, vyote vikiwa vimepunguzwa hata nyumba ikaweza kukaa juu ya kiganja cha mkono. Kipimo kipendwacho sana huko ni milimita 4 kwa kila futi moja ya kitu halisi. Mafundi hawa huhesabu matofali ya ukuta, na huchagua rangi ya behewa kwa kufuata mwaka wake. Lakini wafikapo kwenye baa ya kijiji, uangalifu wa wengi wao hukatika ghafula. Hupachika jina lolote lililo tamu masikioni, kisha husema kuwa ni la kienyeji. Shabaha ya makala haya ni kuipinga desturi hiyo.

Najua watakuwako wasemao kuwa jambo hili ni dogo mno kwa akili za wasomi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Elimu ya majina ni tawi la elimu ya lugha, na jina halipungui maana kwa kuandikwa juu ya kibao kidogo kama ukucha. Tena kibao cha baa ya Kiingereza hakikuanza kuwa pambo. Mwaka 1393, katika enzi ya Mfalme Richard wa Pili, wauzaji wa pombe walitakiwa na sheria kutundika alama nje ya nyumba zao. Kulungu dume mweupe, aliyekuwa nembo ya mfalme huyo, yungali anaonekana katika vibao vya White Hart. Royal Oak nayo hukumbusha mwaloni ambamo Charles wa Pili alijificha mwaka 1651, baada ya kushindwa vitani huko Worcester. Majina haya yana sababu, na sababu ndiyo roho ya jina.

Kosa kubwa la mafundi ni kudhani kuwa uenyeji wa jina hujulikana kwa sikio. Mtu aundaye kijiji cha Devon hulikuta jina Devonshire Arms, akashangilia kuwa amepata alichokitafuta. Lakini neno Arms hapa si mikono, wala si silaha. Ni nembo ya ukoo. Na ukoo wa Duke wa Devonshire una makao yake Chatsworth, katika jimbo la Derbyshire, mbali kabisa na Devon. Ndiyo maana jina hilo limetundikwa katika vijiji vilivyo jirani na Chatsworth. Kadhalika atakaye kuiona Norfolk Arms na aende Arundel katika Sussex, penye ngome ya Duke wa Norfolk. Na huko Devon kwenyewe, katika mji wa Tavistock, iko Bedford Hotel, kwa kuwa Duke wa Bedford ndiye aliyekuwa kabaila wa mahali pale. Basi twaona kwamba ndani ya Devon jina la Bedford laweza kuwa la kienyeji kuliko jina la Devonshire.

Reli yenyewe hutoa ushahidi ule ule. Katika mji wa Bakewell, huko Derbyshire, iko nyumba iitwayo Rutland Arms, ingawa jimbo la Rutland liko kwingine. Karibu na mji huo lipo jumba la Haddon, mali ya ukoo wa Duke wa Rutland. Njia ya reli ilipofika Bakewell, mwaka 1862, ilibidi ipitishwe katika handaki, ili treni zisionekane kutoka katika jumba hilo. Kibao cha baa na handaki la reli vyaeleza habari moja: ardhi ilikuwa ya nani, na neno lake lilikuwa na nguvu gani. Fundi achongaye handaki hilo kwa uaminifu, kisha akaiita baa yake kwa jina la mzaha, ameandika nusu ya historia na kuifuta nusu ya pili.

Wengine hujitetea kwa kusema kuwa kijiji chao ni cha kubuni, kwa hiyo jina lolote lafaa. Nasema kinyume chake ndicho kilicho kweli. Kijiji halisi kinashikiliwa na ramani. Kijiji cha kubuni hakina cha kukishikilia ila sababu. Wako pia wakimbiliao majina mashuhuri. Jamaica Inn ni nyumba moja, nayo iko Bolventor juu ya nyika ya Bodmin. Haiwezi kuhamishwa katika kila kijiji cha Cornwall kwa kuwa Daphne du Maurier aliitungia riwaya mwaka 1936. Wala lisilo la kawaida si lazima liwe la kweli zaidi. Plough, yaani plau, ni jina lililoenea mno, walakini katika kijiji cha wakulima ni jina aminifu. Na Tinners Arms ya Zennor yafaa pale, kwa kuwa Cornwall ni nchi ya wachimbaji wa bati.

Fundi na aulize maswali manne: Ardhi ilikuwa ya nani? Watu walifanya kazi gani? Reli ilifika lini, maana Railway Inn haiwezi kuitangulia reli? Na pombe ilitoka kwa mtengenezaji gani, kwani jina la St Austell, lililo fahari ya Cornwall, ni kiroja juu ya ukuta wa kijiji cha Kent?

Nasi wa Afrika Mashariki tunayo hoja hiyo mlangoni petu. Atakayeunda mfano wa mwisho wa reli ya Uganda kama ulivyokuwa mwaka 1901 hana budi kuandika Port Florence, wala si Kisumu, hata kama jina hilo laliudhi sikio lake. Kulifuta si kuurudisha uenyeji, ni kumficha aliyelileta.

Roye England, mtu wa Australia aliyefika Uingereza mwaka 1925, aliona nyumba za kale za vijijini zikibadilishwa, akaazimia kuzihifadhi kwa mifano. Jumba la makumbusho la Pendon, lililoanzishwa mwaka 1954 huko Long Wittenham, ni tunda la nia hiyo. Siku hizi baa nyingi za Uingereza zimefungwa, na nyingine zimebadilishwa majina na wafanyabiashara. Huenda kibao kidogo cha fundi kikadumu kuliko nyumba yenyewe. Basi na kiandikwe kwa adabu ile ile tunayoidai kwa mwandishi wa kamusi.