Timu si Mbuzi wa Mnadani



Siku hizi hapa Kasulu kuna maneno yanayozunguka sokoni na barazani, nayo ni haya: kwamba timu zetu haziwezi kupanda kwa vijana wa hapa, basi heri kukodi wachezaji kutoka mijini ligi ya mkoa inapokaribia, na ikiwa tutajaliwa kupanda, tutafute tajiri tumwuzie nafasi yetu, fedha tugawane. Wanaosema hivyo si wahuni. Ni watu wazima wenye heshima zao, na wengine ni rafiki zangu. Hata hivyo nasema wazi kwamba shauri lao ni baya mara mbili, maana linaharibu mchezo na linaharibu vijana. Nitatoa sababu zangu moja moja, na mwenye jibu na ajibu.

Kwanza tuitazame ngazi yenyewe. Chini ni ligi ya wilaya. Wanaoshinda huenda katika ligi ya mkoa, na bingwa wa mkoa hukutana na mabingwa wa mikoa mingine ya Bara. Wanaofaulu hapo huingia First League, kisha Championship, na juu kabisa ni Ligi Kuu yenye timu 16. Majina hayo mawili ya Kiingereza yalianza kutumika mwaka 2021. Zamani tulisema Daraja la Pili na Daraja la Kwanza, na kila mtu alielewa mara moja kwamba daraja ni kitu cha kupandwa kwa miguu yako mwenyewe.

Tena tukumbuke asili ya mambo. Kabumbu haikuletwa kwetu na matajiri. Huko Unguja, katika karne ya 19, wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuucheza mchezo huu, na huku bara shule nyingi ziliupokea pamoja na kengele na ubao. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, ambayo tangu mwaka 1971 huitwa Simba. Katika miaka iliyofuata timu nyingi za mikoani zilikuwa timu za kazi: za reli, za bandari, za pamba, za polisi, za jeshi, na za kampuni za biashara za mikoa. Mchezaji alikuwa karani au fundi asubuhi, na jioni alivaa njumu. Hiyo ndiyo nusu ridhaa na nusu kulipwa ya kwetu, wala haikuwa aibu. Mtu alikula kwa kazi yake, akacheza kwa heshima ya mahali pake.

Mashirika yale yalipouzwa au kufungwa katika miaka ya 1990, timu nyingi zilianguka pamoja nayo. Pamba ya Mwanza, iliyokuwa jina kubwa, ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, hata iliporudi mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji. Fundisho lake ni jepesi: timu inayosimama juu ya mfuko mmoja tu, mfuko ule ukitoboka, huanguka. Na leo sisi tunataka kusimama juu ya mfuko wa tajiri tusiyemjua!

Sasa nayajibu maneno ya wenzangu. Husema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Methali ni njema, lakini tumtazame mgeni wenyewe. Mchezaji wa kukodi huja majuma machache kabla ya ligi. Hupewa nauli, kitanda na posho. Kijana wa hapa, aliyefanya mazoezi mwaka mzima, huketi kando akishika chupa za maji. Ligi ikiisha, mgeni huondoka na njumu zake. Linalobaki ni deni kwa mama ntilie, na kijana aliyejifunza kwamba juhudi haina malipo. Ni kijana gani atakayefika mazoezini mwaka unaofuata? Nguo ya kuazima haisitiri mwili.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba asiyezaliwa Buha asicheze. Mwalimu aliyepangiwa kazi hapa, mwanachuo wa ualimu, muuguzi, fundi, mfanyabiashara aliyefungua duka lake, hao ni wenzetu. Wanakunywa maji tunayokunywa, na wakifungwa leo, kesho wataulizwa njiani. Ninayemkataa ni yule asiyejua hata jina la mtaa anaochezea.

Wengine husema, “Vijana wetu hawana uwezo.” Hilo nalikataa kabisa. Juma Kaseja, aliyelinda mlango wa Simba, wa Yanga na wa timu ya taifa kwa miaka mingi, ni mtoto wa Kigoma. Mashujaa ya Kigoma, ilipokuwa bado katika daraja la chini, iliifunga Simba mabao 3 kwa 2 mjini Dar es Salaam mwezi Desemba mwaka 2018, ikaitoa katika kombe la shirikisho. Mwaka 2023 iliishinda Mbeya City katika mechi za mchujo, ikaingia Ligi Kuu. Najua mtaniambia kwamba Mashujaa ni timu ya jeshi, na wachezaji wake si watoto wa Kigoma peke yao. Ni kweli, na hiyo ndiyo hoja yangu. Nguvu yake ni utaratibu: kuna ajira, kuna kiwanja, kuna saa ya mazoezi na mtu wa kuuliza kwa nini hukufika. Haikujengwa kwa majuma matatu. Nayo Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe, ilikuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1986, mwaka wake wa kwanza katika ligi ile. Haikudumu juu, lakini hakuna awezaye kusema tena kwamba mji mdogo hauwezi.

Nije kwa jambo la kuuza nafasi, ambalo ni baya zaidi. Watazameni watu wa Mbarali. Walikuwa na Ihefu, timu iliyochezea Ubaruku, katikati ya mashamba ya mpunga. Mwezi Novemba mwaka 2022 Ihefu iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1 palepale nyumbani, ikakata mfululizo wa michezo 49 ya ligi ambayo Yanga ilicheza bila kufungwa. Nchi nzima iliuliza Mbarali iko wapi. Mwaka 2024 timu ile ilihamishiwa Singida, ikapewa jina la Singida Black Stars. Sheria huenda iliruhusu. Lakini mkulima wa mpunga aliyelipa kiingilio chake mwaka baada ya mwaka, amebaki na nini?

Jambo hili si la kwetu tu. Huko Uingereza, mwaka 2002, timu ya Wimbledon ya London iliruhusiwa kuhamia mji wa Milton Keynes, ulio mbali na nyumbani kwake. Washabiki hawakuishia kulia. Mwaka ule ule waliunda timu yao wenyewe, AFC Wimbledon, wakaanza katika ligi ya chini ya wachezaji wa nusu ridhaa, wakapanda ngazi kwa ngazi, na mwaka 2011 walirudi katika madaraja ya juu ya kulipwa. Walifundisha dunia kwamba karatasi ya usajili yaweza kuuzwa, lakini timu ni watu.

Hapa nchini, mageuzi ya Simba na Yanga yalipopangwa, ilitakiwa wanachama wabaki na asilimia 51, mwekezaji asizidi 49. Vema. Lakini ikiwa wakubwa wenye mamilioni ya washabiki walihitaji ukuta huo, je, mdogo wa Kasulu au Kibondo asiye na mwanasheria atalindwa na nani?

Wala siwaachi wakuu wa mpira. Mwaka 2021 haki za kuonyesha Ligi Kuu katika televisheni ziliuzwa kwa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Ni fedha nyingi, nami nafurahi. Lakini mchezaji wa Ligi Kuu haanguki kutoka mbinguni. Hutoka katika ligi ya wilaya, ambako timu huchanga nauli. Kutoka Kasulu hadi Kigoma ni karibu kilometa 100, na kutoka Kibondo ni zaidi ya 200. Timu hufika uwanjani imechoka na njaa, ikafungwa, kisha tukasema haina uwezo! Sehemu ya fedha za juu ishuke chini, kwa nauli, mipira na posho za waamuzi. Asiyemwagilia mizizi asidai matunda.

Basi tufanye nini? Nashauri mambo manne. Kwanza, ligi za wilaya na mkoa ziweke sheria kwamba wachezaji wengi wa kila timu wawe wakazi wa wilaya ile kwa mwaka mzima au zaidi. Pili, badala ya posho ya majuma matatu, mchezaji atafutiwe kazi: kwa seremala, kwa fundi pikipiki, au katika shamba la timu la mahindi na maharage, ardhi ambayo Mungu ametujalia. Tatu, daftari la mapato na matumizi lisomwe hadharani kila mwisho wa mwezi, hapo hapo kiwanjani, mbele ya waliotoa kiingilio. Nne, katiba ya kila timu iandike kwamba nafasi yake haiuzwi wala haihamishwi bila mkutano wa wanachama wote na kura zao.

Labda tutakaa chini miaka mitano, labda kumi. Nakubali. Lakini katika miaka hiyo vijana 30 kila msimu watakuwa wamejifunza kazi, kutii kengele ya mazoezi, na kushindwa bila matusi. Hao watabaki Kasulu, wawe baba na viongozi wa kesho. Fedha za mnadani zitakwisha kabla ya masika.

Ninyi wazee wa timu, iteni mkutano kabla ya usajili wa msimu ujao, mlete daftari na katiba. Sisi walimu tutakuja, na kalamu tutaleta.