Bomu Lilitolewa, Siti Ikawekwa

Rafiki yangu anayesomea urubani hupenda kunisimulia kwamba usafiri wa anga ulizaliwa pale vita ilipotubu. Mwaka 1919, anasema, ndege za mabomu ziligeuzwa kuwa za abiria. Hadithi tamu, lakini mimi inanikwama kooni.

Ufundi wenyewe naukubali. Airco DH.4A ilitokana na ndege ya kivita yenye mabawa ya juu na ya chini. Pale alipokaa askari wa bunduki, nyuma ya rubani, pakawekwa viti viwili vinavyotazamana, madirisha na kifuniko. Agosti 25, 1919, mojawapo iliruka kutoka Hounslow, London, hadi Paris, ikifungua safari za kila siku. Ilibeba abiria mmoja, magazeti, ngozi na malai. Nauli ilikuwa paundi 21, mshahara wa wiki kadhaa wa fundi wa kiwandani. Amani ya nani hiyo?

Tena serikali ya Uingereza ilikuwa imejaziwa ndege zisizo na kazi. Mwaka 1920 kampuni moja ilizoa ndege karibu 10,000 na injini 30,000 kwa paundi milioni 1. Kama hiyo ni toba, basi hata mnada wa mitumba ni ibada.

Lakini linaloniudhi hasa ni la kwetu. Januari 1920, Vickers Vimy Commercial, ambayo mabawa yake yalikuwa yaleyale ya ndege ya kuipiga Ujerumani mabomu, iliondoka Brooklands kuelekea Cape Town. Gazeti la The Times liliidhamini, na mtaalamu wa wanyama Peter Chalmers Mitchell alikuwamo. Ikaangukia Tabora, Februari 27.

Ilifika Tabora kwa sababu uwanja ulikuwapo. Mwaka uliotangulia, jeshi la anga la Uingereza lilipima njia ya Cairo hadi Cape, na viwanja vikasafishwa kwa mikono ya Waafrika: kukata miti, kung'oa visiki, kubomoa vichuguu. Vita ilikuwa imeisha juzi tu, na wapagazi wake, wale walioiachia Kariakoo jina, walikuwa hawajapumua. Kwao haikutubu. Iliwabadilishia mzigo.

Marubani wa Vimy ile nawajua kwa majina, Cockerell na Broome. Rafiki yangu ni mzaliwa wa Tabora. Aniambie basi, visiki vya uwanja ule aling'oa nani?