Nani Amfunze Mganga wa Ngoma?

Wapo wenzetu, tena wasomi, watakao neno "mganga" liondolewe kabisa katika istilahi za tiba kwa muziki. Badala yake wanatuletea "terapia" na "mterapia". Hoja yao ni kwamba taaluma hii ni mpya, imekulia katika vyuo vya Marekani na Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili, na kuiita uganga ni kuichafua kwa hirizi na ramli. Sisi tunaikataa hoja hiyo. Si suala la kupenda au kuchukia neno, maana neno litakaloshika ndilo litakaloamua nani aingie chuoni na nani arudishwe mlangoni.

Tanzania ina Mganga Mkuu wa Serikali, naye ni daktari wa hospitali. Hakuna anayemdhania kuwa apiga bao. Ukienda Nchelenge, katika ufuko wa Ziwa Mweru, Mbemba atakuambia shing'anga kwa tabibu na ing'oma kwa ngoma. Mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa kwanza asiyeuona udugu wa maneno hayo hajaanza kusoma. Je, neno lililoenea kutoka pwani hata maziwa makuu tulitupe kwa kuwa fulani ameona haya?

Nimeitaja Nchelenge kwa sababu. Misafara ya pwani ilifika huko zamani: Livingstone alipofika kwa Kazembe mwaka 1867 alimkuta Mohammed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekwisha kukaa huko miaka mingi. Hata hivyo Kiswahili hakimo katika lugha saba za kienyeji zinazotambuliwa rasmi na serikali ya Zambia. Kisha, tangu Agosti 2017, maelfu ya Wakongo walivuka mpaka wakikimbia vita vya mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika. Walipokelewa kwanza Kenani, na tangu 2018 wengi wakahamishiwa makazi ya Mantapala, wilayani humo humo. Wengi wao husema Kiswahili. Wapo waliofiwa, wapo walioona nyumba zikiteketea, na wapo watoto waliotenganishwa na wazazi wao. Hapa ndipo swali la mganga wa ngoma linapoacha kuwa mchezo wa wanakamati wa istilahi.

Tuyatazame basi mafunzo yenyewe. Katika Uingereza, mcheza selo Juliette Alvin alianzisha kozi katika Guildhall School ya London mwaka 1968. Leo jina la taaluma hiyo linalindwa na sheria ya nchi ile. Hupati kujiita hivyo bila shahada ya uzamili na kuandikishwa. Afrika Kusini nayo ina mafunzo ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pretoria, na wahitimu huandikishwa na Baraza la Taaluma za Afya. Mwombaji hupimwa ustadi wake wa ala na sauti, husomeshwa saikolojia, kisha hupelekwa hospitalini au shuleni kufanya kazi chini ya msimamizi. Jambo moja katika mafunzo ya Uingereza wenzetu hawalitaji kamwe: mwanafunzi hulazimika yeye mwenyewe kukaa katika kiti cha mgonjwa kwa muda na kutibiwa, ili aujue upande wa pili.

Basi na tugeukie kilinge. Katika uganga wa pepo wa pwani yetu, auguaye huitwa mwele. Akishapungwa huwa mteja wa kilinge. Na baadhi ya wateja, baada ya miaka ya kutumikia na kujifunza kila pepo na wimbo wake, hukabidhiwa mkoba. Victor Turner, aliyeishi na Wandembu wa kaskazini-magharibi ya Zambia mapema katika miaka ya 1950, aliona mpango kama huo huo, akaueleza katika kitabu alichokichapa mwaka 1968: aliyeugua na akapona ndiye apandaye daraja la kuwatibu wenziwe. Lile ambalo London imeliweka katika mtaala, wazee waliliweka kuwa mlango pekee wa kuingilia kazini. Nani basi mwalimu na nani mwanafunzi?

Lakini wale wa upande wa pili, wasemao kila apigaye ngoma ni mganga na vyuo havina maana, wasishangilie mapema. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazoteswa zaidi na malaria. Mtoto mwenye malaria iliyopanda kichwani hutetemeka, hukakamaa, huweweseka. Waswahili tumeliita jambo hilo degedege, na vizazi kwa vizazi tumelidhania kuwa pepo. Mtoto huyo akipelekwa ngomani usiku kucha, alfajiri huenda akawa maiti. Mganga asiyejua ni wakati gani aiweke ngoma chini akimbilie hospitali ya St. Paul's, hata awe na nyimbo mia, hakufunzwa. Tena wapo wenye mkoba wanaotumia ngoma kumtaja jirani kuwa mchawi. Sheria ya Zambia imelikataza jambo hilo tangu 1914, na hapa, kwa nadra, sheria ya mkoloni haikukosea.

Kwa hiyo tunataka shule yenye milango miwili. Aliyetoka kilingeni aingie bila kudaiwa piano, asomeshwe dalili za maradhi, siri ya mgonjwa na mipaka ya kazi yake. Aliyetoka chuo kikuu aingie kwa mlango wa pili, akae miguuni pa wazee wa ziwani mpaka ajue wimbo upi ni wa msiba, upi wa mavuvi, na upi haupigwi mbele ya mjane.

Wote wawili wapimwe lugha. Mkongo wa Mantapala atasema "batoto", hatasema "watoto". Ngeli zake si za kitabu cha Unguja. Mwalimu wetu akiitwa kufundisha huko (na yafaa aitwe), asiende na kalamu nyekundu. Mtu anayeimba habari ya mwanawe aliyepotea njiani, ukamkatiza kumsahihishia upatanisho wa kisarufi, hatakuimbia tena. Kiswahili cha Katanga kiwe somo la kutahiniwa katika mafunzo hayo, sambamba na Kibemba, na wa kwanza kuketi mtihani huo wawe sisi walimu.